Hospitali Haina Mjomba

Haya Rehema, iweke hiyo simu mezani, usinishikie mdomoni kama mtangazaji wa mpira. Umewasha? Basi.

Nyie vijana wa dirisha la dawa mmeniomba niseme mambo ya kazi, maana mimi nimeshatoka na nyie ndo mnabaki. Ya vyeo sina. Niliingia mhudumu, nimetoka mhudumu, na koti langu la kijani nimelirudisha likiwa limefuliwa. Ya mshahara mnayajua wenyewe, nawasikiaga mnavyoyaongea mwezi ukikaribia kuisha. Mimi nitasema ya dawa. Na siyo dawa zikiwepo, kwa sababu zikiwepo hakuna hadithi: mtu anakuja, anapewa, anakwenda zake. Hadithi zote ziko kwenye dawa zisipokuwepo.

Mimi ni Tatu wa Bigwa. Shule niliishia la nne, kwa sababu la tano lilikuwa ng'ambo ya mto, na ule mto ulikuwa na tabia zake. Hospitali nilikuja kufagia. Siku ya kwanza nilitoka nyumbani na ufagio wangu wa chelewa, nikijua wazi kwamba watu watanicheka, hospitali kubwa vile itakosaje ufagio. Nikafika. Hawakuwa na ufagio. Kwa hiyo upungufu wa vifaa nilikutana nao kabla sijavua hata kandambili.

Wakanipeleka nifagie chumba cha dawa. Aliyekuwa mkubwa wa hapo ni Mzee Kibwana, mtu mrefu, mkimya, kofia yake ya kiua haikuwahi kukaa upande. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuhesabu unajua?"

"Najua."

Akamimina vidonge mezani. "Hesabu."

Nikaanza kuhesabu kwa kidole. Akapiga meza, pa! Vidonge vikaruka, na mimi nikaruka.

"Hicho kidole kimetoka wapi?"

"Kimetoka nyumbani, mzee."

"Basi kirudi nyumbani. Dawa haishikwi na kidole."

Akanipa sinia dogo la kuhesabia, lile lenye mfereji pembeni, na kisu butu kisicho na makali. Unasukuma tano, tano, tano, mfereji ukijaa unamimina kwenye bahasha. Nimesukuma tano-tano mpaka nikawa nyumbani nikichambua mchele nausukuma tano-tano. Marehemu mume wangu akasema, "Mke wangu, sisi tutakula lini?"

Mzee Kibwana hakunifundisha kwa maneno mengi. Alikuwa anasema kitu mara moja, ukisahau ni shauri yako. Alisema dawa inayokufa mapema ikae mbele ya rafu, inayokufa baadaye ikae nyuma, mgeni mpya asimruke wa zamani. Alisema usingoje kopo liishe ndo ujue limeisha. Wakati ule dawa zilikuja kwenye makopo makubwa ya bati, na kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha nilikuwa napita rafuni nagonga makopo kwa ukucha. Kopo lililojaa limenyamaza kama mtu aliyeshiba. Kopo linaloanza kuisha linaongea. Likiongea, unamwambia mkubwa siku hiyohiyo, husubiri mwisho wa mwezi. Sasa hivi mna kompyuta, na nasema kweli kompyuta inajua kuliko ukucha wangu, ila siku mfumo umegoma nimewaona mnavyoliangalia lile kopo, kama vile litawauma.

Bahasha nazo. Wengi wa milimani wakati ule kusoma shida, basi tulikuwa tunachora. Jua linatoka, jua la utosi, jua linazama, na chini yake vidonge. Mimi nilikuwa nachora jua zuri, lina macho. Nikajisifu sana mpaka siku alipokuja mzee mmoja wa kule juu, akaigeuza bahasha, akaniuliza, "Mwanangu, hili ni jua la kwenu au la kwetu?"

"Kwani yako mangapi, babu?"

"Kwetu mlima umelikinga. Nyie mkiwa mmeshakunywa chai, mmeshafua, na sisi ndo linatoka."

Nikaenda kumwambia Mzee Kibwana. Hakucheka. Akasema, "Muulize anaamka na nini." Anaamka na jogoo. Kuanzia siku ile watu wa kule juu nikawachorea jogoo. Sijui nani alikuja kuuliza wizarani kama jogoo ni dozi, mimi sikuulizwa.

Haya, nije kwenye neno lenyewe, "hakuna".

Kuna dada mmoja alikaa dirishani kabla yenu, alichoka kusema hakuna siku nzima, akaandika karatasi kubwa, DAWA HAKUNA, akabandika kwenye kioo. Alidhani foleni itaisha. Foleni ikawa ndefu mara mbili, kwa sababu waliofuata dawa walibaki, na waliokuwa wanapita njia waliingia kuuliza ni dawa gani isiyokuwepo. Mzee Kibwana akaibandua taratibu, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akasema, "Hakuna siyo jibu. Hakuna ni mwanzo wa mazungumzo." Maana yake, ukishasema hakuna, hujamaliza. Mwambie ni ipi haipo, ipi ipo badala yake, aende wapi, arudi lini, na mpaka arudi afanye nini. Mtu akitoka dirishani na hakuna tupu, anakwenda kununua chochote kwa yeyote, na kile chochote mnakutana nacho wodini.

Halafu mjue habari ya upungufu inafika sokoni kabla haijafika ofisini. Sijui nani anaipeleka. Mwaka mmoja ile dawa ya rangi mbili, ile ya vifuko vyekundu na vyeusi, ilianza kupungua, bado tunanong'ona ndani, kesho yake kinamama wameshuka kutoka milimani wote wanakohoa. Na wanakohoa kwa mpangilio, mmoja akimaliza mwenzake anapokea, kama kwaya. Tukawapa. Baadaye nikaenda kwenye msiba kule juu, nikaingia jikoni kusaidia kupika, naangalia juu ya meko, kwenye uchanja tunakoweka mahindi ya mbegu yapate moshi yasibunguliwe. Bahasha zetu zimening'inia pale na mahindi. Nyingi kuliko zilizokuwa stoo.

Nikamuuliza mwenye nyumba, "Dada, hii ndo nini?"

"Akiba. Mluguru hali mbegu yote."

"Dada, kidonge hakibunguliwi. Kwenye moshi kinaiva."

Akachukua kimoja, akakiangalia. Kimekuwa rangi ya nyama ya kukausha. Akasema, "Basi si kimeshakaa vizuri?" Nikarudi kusimulia kazini, na tangu siku hiyo dawa ikianza kupungua tukawa tunatoa kidogokidogo na tarehe ya karibu, mtu arudi, asipate ya kuning'iniza.

Mzee Kibwana alistaafu, wakapita wengine, na mwishoni akaja Elisante, huyu mfamasia wenu. Kijana wa Kichaga, mpole, mashati yake yana mikunjo ya pasi mpaka unaogopa kumgusa. Ananiita mama. Elisante ndo aliyenifundisha jambo ambalo hata Mzee Kibwana hakuwahi kulisema. Alisema, "Mama, dawa ikipungua usigawe sawasawa. Kugawa sawasawa ni uvivu." Nikashangaa, maana mimi nimelelewa kwamba mkubwa kwa mdogo kila mtu na kipande chake. Akanieleza. Mwenye mafua anaweza kungoja, atakunywa chai ya tangawizi. Wa presha, daktari anaweza kumbadilishia kidonge. Lakini kuna watu wakikosa siku kadhaa tu, hamtawaona tena dirishani. Hao uwajue kwa sura, na fungu lao liwekwe pembeni kabla dirisha halijafunguliwa.

Mmoja wa hao alikuwa Yustina.

Yustina ni mkulima wa mbogamboga, wa kule miteremkoni juu ya Bigwa. Karoti, kabichi, njegere. Shamba la kwao ukiangusha kiazi unakiokota kwa jirani. Alipokuwa binti ana kifafa, alianguka mekoni, na mkono wa kushoto mpaka leo ngozi imejikunja kama kitambaa kilichopigwa pasi ya moto sana. Mama yake alizunguka naye kwa waganga wote wanaojulikana na wasiojulikana, mwishowe wakamleta kwetu. Akaanzishiwa fenobabi, vile vidonge vyeupe vidogo vya kila siku. Akaacha kuanguka. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, hajaanguka. Akaolewa. Akazaa. Akawa anapanda na kushuka ule mteremko na mtoto mgongoni na tenga la karoti kichwani, na mdomo wake mkali usiolala. Akifika dirishani lazima akosoe kitu. Foleni, kioo, nywele zangu.

Sasa siku moja nagonga makopo asubuhi. Feno ilikuwa bado inakuja kwenye kopo, inakaa kwenye kabati la kufuli, kwa hiyo Elisante ndo anafungua, mimi nagonga.

"Linasemaje, mama?"

"Linaongea."

"Kwa sauti?"

"Kama njuga ya mtoto."

Akalifungua, akaangalia, akalifunga. Alikuwa ameshaagiza muda tu, na mzigo uliokuja umekuja na kila kitu isipokuwa feno. Akapiga simu, akaambiwa inakuja. Nyie mnajua "inakuja". Akazunguka maduka ya dawa ya mjini, hakuna. Akaenda kwa daktari kuuliza wagonjwa wabadilishiwe, daktari akasema ile nyingine nayo ni ya kutafuta, halafu kubadilisha kunataka taratibu, huku unapunguza huku unaongeza, huwezi kukata tu. Elisante akaniambia, "Hii ukiikata ghafla, mama, kifafa kinarudi na hasira. Mtu anaanguka, hajaamka anaanguka tena." Nikamuona Yustina kwenye ule mteremko, na mtoto yuko mgongoni. Nikakaa chini kwenye kreti.

Hakuwa yeye peke yake, walikuwepo wengine. Ila tarehe ya Yustina ndo ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa wiki ileile.

Elisante akaandika kwenye lile kundi lao la simu la watu wa dawa: nani ana fenobabi? Wakajibu wengi. Wote walijibu kwa vile vimikono vya kuomba. Vimikono havitibu. Mwisho akajibu mmoja, wa hospitali ya misheni huko ng'ambo ya mlima: "Tunazo. Ila hatuazimishi."

"Kwa nini hawaazimishi?" nikamuuliza.

Elisante akakuna kichwa. "Kuna maji ya dripu tuliazima kwao zamani. Hatukurudisha."

"Nani aliazima?"

"Mimi sikuwepo."

"Aliyekuwepo?"

"Amehamishwa."

"Aliyekuja baada yake?"

"Alisema yeye hakuazima."

Basi. Siku ya pili yake gari la wagonjwa lilikuwa linapanda huko huko kumfuata mama mjamzito. Nikamwambia Elisante, niandikie karatasi yako na muhuri, mimi napanda. Yeye hawezi kutoka, mfamasia ni mmoja. Akaniandikia. Akasema, "Mama, uwaombe vizuri." Nikasema mimi kuomba naweza, nimeolewa.

Barabara ya kule mnaijua. Dereva alikuwa Salehe, na Salehe anaendesha huku anakuangalia usoni ili usikose hadithi. Tulifika salama kwa sababu Mungu hakuwa na hadithi ya kusikiliza.

Msimamizi wa hospitali ile alikuwa sista mmoja, mama wa Kingoni kutoka Songea, Sista Imakulata. Alinikaribisha kwa heshima zote. Chai ya maziwa, maandazi, pole na safari. Akaisoma karatasi ya Elisante, akaikunja, akanirudishia.

"Mama, chai kunywa. Dawa hapana."

"Sista, kuna binti wa watu ataanguka."

"Na mimi nina wa kwangu watakaoanguka. Nikiwapa nyie msiporudisha, wa kwangu niwaambie nini? Nimeshaazimisha. Nikidai, kila ninayempigia anasema yeye siye. Namdai nani? Jengo?"

Ilikuwa kweli. Nikala andazi.

Nimekaa pale barazani, yule mama mjamzito bado anaandaliwa wodini, naona kijana anatoka stoo na kopo la bati mkononi. Nikamuuliza Salehe, huyu nani? Salehe anajua watu wote wa mlima mzima. Akasema, "Huyo Fausti, ndo mtunza stoo. Mtoto wa Mzee Anselimu."

Mzee Anselimu! Ukoo wa Mzee Anselimu na ukoo wangu mimi ni watani, tangu mababu. Sisi tukifiwa wanakuja kututukana mpaka machozi yanakauka, wao wakifiwa tunakwenda kuwazuilia jeneza mpaka watoe kitu. Na mtani akichukua chako, humpokonyi na humkasirikii. Unagomboa, na maneno yanaisha kwa kicheko. Nikaona Mungu huyu hapa amefungua mlango wa uani.

Nikainuka. Nikamfuata yule kijana katikati ya uwanja, nikamkwapua kopo, nikaliweka chini, nikalikalia.

"Nyie watu wabaya nyie!" nikamwambia. "Baba yenu tumemzika sisi, nyie mlikuwa mnagombania kuku! Leo mmejifunza kufunga mlango? Nani amewapa mlango? Mlikuwa mnalala na mbuzi, mbuzi ndo akahama!"

Wagonjwa kwenye benchi wakaacha kuugua. Sista akatoka mlangoni na kikombe chake. Fausti amesimama tu, ametoa macho.

"Bibi," akasema, "hiyo ni ya wagonjwa wanaosubiri."

"Nigomboe! Nataka feno. Bila feno siinuki hapa, na nimekula maandazi, nina uzito."

"Bibi, kwani wewe ni mtani wangu?"

"Wa tangu babu na babu! Baba yako si Anselimu?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

Akachutama mbele yangu, sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amevaa gauni ndani nje. "Baba ni mtani wako, kweli. Lakini mimi si wa ukoo wa baba, bibi. Mimi Mluguru. Mimi wa ukoo wa mama yangu."

Jamani. Mluguru ukoo anaunyonya kwa mama, hilo hata mtoto anayetambaa analijua. Nimezaliwa nalo, nimezaa nalo. Ila huku mjini tumezoea majina ya baba, kadi jina la baba, faili jina la baba, na mimi nikamsoma mtu kama faili. Kwa hiyo pale sikuwa mtani aliyekwapua. Nilikuwa mwizi wa hospitali, nimekalia ushahidi.

Salehe kule kwenye gari alikuwa ameinamia usukani, mabega yanatikisika.

Nikasema, nikijaribu kuinuka kwa heshima, "Na mama yako wa ukoo gani?"

Akautaja. Ni ukoo wangu.

Nikakaa tena.

"Mama yake mama yako alitoka wapi?" akaniuliza yeye sasa. Nikamtajia, bibi yangu, na mlima aliotokea. Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Akasema, "Bibi yako na mama yangu ni mtu na mdogo wake wa mwisho. Mama yako ni dada yangu."

"Kwa hiyo wewe..."

"Mimi mjomba wako."

Mie nina wajukuu, yeye hata mvi hana. Lakini ukoo hauangalii mvi. Nikainuka kwenye kopo, nikalifuta kwa kanga, nikalishika kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu."

Benchi zima likaitikia, "Eeeh."

Sista akaja. "Fausti, kuna nini hapa? Huyu mama anaumwa?"

"Hapana Sista. Huyu ni mpwa wangu. Amenitukana na amechukua dawa bila ruhusa."

"Mpwa wako?" Sista akaniangalia, akamwangalia, akaniangalia tena.

"Ndiyo. Na kwetu mpwa akikosea haitwi yeye, anaitwa mjomba wake. Kwa hiyo naomba uniite mimi."

Sista akakaa kwenye benchi kati ya wagonjwa. Akawa anazungusha kikombe. Halafu akamuuliza Fausti, taratibu sana, kama mtu anayefunua sufuria asiunguzwe na mvuke, "Huyu akikosea unaitwa wewe. Na akiazima asirudishe?"

"Naitwa mimi."

"Utanijibu wewe? Hapa hapa? Hutahamishwa?"

"Nihamishwe niende wapi, Sista? Kwetu ndo hapa."

Sista akaniambia mimi, "Mama, miaka yote natafuta mtu wa hospitali yenu nimshike shati, simpati. Hospitali haina mama, haina mjomba. Wewe kumbe unaye."

Nikasema nimempata sasa hivi, bado nina mshtuko.

Wakaingia stoo na kabati lao wakafungua wote wawili, funguo mbili kama sheria inavyotaka. Wakaweka fungu la wagonjwa wao kwanza, mpaka mzigo wao utakapokuja, na kilichozidi hapo ndo wakanihesabia mimi. Hakikuwa kingi. Kilikuwa cha kutosha mtu asianguke huku tunangoja. Karatasi zikaandikwa sawasawa na mihuri ikapigwa. Pale penye nafasi ya kuandika mdhamini, Fausti akaandika jina lake, na mbele yake akaandika "mjomba". Elisante alipoiona alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Mama, hiki ni cheo?"

Nikamwambia, kikubwa kuliko chako.

La deni nilimalize kabisa. Mzigo ulipokuja nilisimama mlangoni pa stoo, sikuruhusu boksi lipangwe rafuni mpaka la misheni litoke kwanza. Elisante anasema mama taratibu, tukague kwanza. Nikasema kagua, lakini mjomba wangu haitwi kwa ajili yako. Likaenda kwa gari lilelile, na maji ya dripu ya lile deni la zamani juu yake, na jogoo. Jogoo ni faini yangu ya kumtukana mjomba. Sista akatuma ujumbe kwamba dawa zimefika kamili, na jogoo ana afya nzuri ila anawika wakati wa misa. Tangu siku hiyo misheni wakawa wanaazima kwetu na sisi kwao, na nyie mkiazima mahali muandike jina la mtu, anayekaa, mwenye kwao. Msiandike "hospitali". Hospitali ukiiita haigeuki.

Sasa ile tarehe ya Yustina. Nilirudi na dawa jana yake. Asubuhi nimeweka fungu lake pembeni, kwenye bahasha, nimechora na jogoo, na dirisha bado halijafunguliwa nasikia sauti yake kwenye foleni anamwambia mtu asimkanyagie mtoto.

Akafika mbele.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, anaota meno, anang'ata kila kitu. Hicho kioo mtakisafisha lini?"

Nikampa. Akafungua bahasha, akachungulia.

"Mbona vikubwa leo?"

"Kiwanda kingine. Dawa ni ileile, kimoja ni kimoja."

"Na mbona vichache?"

"Utarudi baada ya wiki mbili, uchukue vingine. Usikose, Yustina, na usiruke hata siku moja."

"Wiki mbili!" Akaweka mkono kiunoni. "Bi Tatu, njegere zangu zinakauka kule, nishuke nipande, nishuke nipande, nani anichumie? Wewe? Nyie watu wa hospitali mnakaa kivulini mnadhani kila mtu anakaa kivulini! Mnatuzungusha makusudi!"

Elisante alikuwa nyuma yangu. Nikamsikia anavuta pumzi ya kutaka kumwambia. Nikamkanyaga mguu.

"Samahani, mwanangu," nikamwambia Yustina. "Ni uzembe wetu."

"Ndiyo, ni uzembe wenu." Akafunga bahasha kwenye pindo la kanga, akamvuta mtoto juu vizuri mgongoni, akaondoka.

Elisante akasema, "Mama, umemwacha hivyo? Angejua si angeshukuru?"

"Angeogopa. Wa nini huo uoga, na dawa anayo?"

Nikafungua dirisha lote nimuone anavyokwenda. Kufika getini alikuwa ameshasimama na muuza machungwa, kidole kiko juu, anamgombeza na yeye.